Hodi ya Mkwe Baada ya Adhuhuri

Juzi, baada ya adhuhuri, nimejilaza kwangu Kibokoni, homa imenishika, mara hodi! Mamamkwe na mashemeji watatu. Nikavaa kanzu, nikatabasamu kwa taabu.

Mkwe ni heshima, ndugu msomaji. Nani atathubutu kumrudisha? Lakini Sura ya An-Nur, aya ya 28, yatufunza kuwa tukiambiwa turudi, turudi, na ndiyo usafi zaidi kwetu. Aya ya 58 nayo yautaja mchana tuvuapo nguo miongoni mwa nyakati tatu za faragha.

Saa nzima ikapita. Mamamkwe akaniona natetemeka. "Mwanangu, u mgonjwa nawe wanyamaza? Ungalinena, tungalirudi."

Nikaona haya. Aya ile niliihifadhi chuoni utotoni, kilichonishinda ni kumwambia mkwe, "Leo siwezi."