Kiyoyozi cha Gari-Nyumba: Kabla ya Kulaumu Gesi

Kila kiangazi, katika kambi za magari-nyumba za Arizona na Texas, kilio ni kimoja: kiyoyozi cha juu ya paa kinanguruma mchana kutwa na ndani bado hakukaliki. Jibu la haraka nalo ni lile tulilozoea kulisikia kwa mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa: gesi imeisha. Kwa viyoyozi hivi, jibu hilo hupotosha zaidi kuliko kwingine.

Gesi yake hufungiwa kiwandani ndani ya mabomba yaliyochomelewa, na vingi havina hata vali ya kujazia. Tena gesi haiungui wala haichakai kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hiyo, kabla hujamruhusu mtu kutoboa bomba, pima.

Anza na themomita ya kawaida. Acha mashine ipooze kwa nusu saa, feni ikiwa kasi ya juu. Pima joto la hewa inapoingia kwenye chujio, halafu inapotoka kwenye tundu lililo karibu zaidi na mashine. Ukipata tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi, kiyoyozi ni kizima na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Mchana wa Julai mjini Phoenix, joto la nje hupita nyuzi 40, na paa jembamba na vioo vipana huingiza joto upesi kuliko linavyotolewa. Hapo tafuta kivuli, funika vioo, na uwashe mashine asubuhi, kabla jua halijakolea.

Tofauti ikiwa ndogo, fuata njia ya hewa. Chujio chafu watu wengi hulikumbuka. Kinachosahaulika, na mimi naona ndicho kinachowaponza wengi zaidi, ni kizuizi kilichomo darini. Mashine hukaa juu ya tundu la inchi 14 kwa 14, na ndani ya tundu hilo hewa ya baridi inayoshuka na hewa ya moto inayopanda hupitana zikitenganishwa na kipande chembamba tu. Kipande hicho kikiachia, baridi hurudi kwenye mashine bila kufika chumbani. Koili hupozwa kupita kiasi, unyevu huganda juu yake, na barafu huziba hata ile hewa kidogo iliyobaki. Fungua kifuniko cha darini umeme ukiwa umezimwa, kisha ziba kila mwanya kwa tepu ya alumini. Barafu uiyeyushe kwa kuwasha feni peke yake. Usiichokonoe kwa bisibisi: ukitoboa koili, ndipo gesi itakapoisha kweli.

Halafu kuna umeme, na huu huua kompresa kimyakimya. Mashine hizi zimeundwa kwa volti 120. Alasiri, kambi nzima ikiwa imewasha viyoyozi, volti hushuka. Kompresa huvuta ampea nyingi zaidi na kuchemka. Pima kwenye soketi ya ndani wakati kompresa inafanya kazi, kwa sababu kipimo cha mashine ikiwa imezimwa hakikuambii kitu. Chini ya volti 108, zima. Waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme huleta hasara hiyo hiyo, na jenereta nayo hupungukiwa nguvu kadiri unavyopanda milima.

Ukisikia mvumo mfupi, kisha sakiti breka inajikata, shuku kapasita ya kuanzishia kompresa. Ni kifaa cha bei nafuu, lakini hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na unaweza kumdhuru vibaya asiyejua kuutoa. Hapo mwite fundi.

Kwa aliyeagiza gari-nyumba la Marekani kuja Afrika Mashariki, tatizo huanzia kwenye plagi yenyewe. Umeme wetu ni wa takriban volti 230 hadi 240 na hertzi 50. Kiyoyozi kile kinataka 120 na 60. Transfoma hushusha volti lakini hertzi huziacha vilevile, hivyo mota huzunguka polepole na kupata moto kuliko ilivyokusudiwa. Badala ya kununua transfoma kubwa, ningeng'oa kiyoyozi hicho na kufunga kilichotengenezwa kwa umeme wa huku, chenye laini yake ya waya na breka yake.