DAWA YA KIFAFA HUFANYA NINI UBONGONI?

Uliza hapa shuleni kifafa huletwa na nini. Utaambiwa ati ni mapepo, au ukiguswa na povu la mgonjwa nawe utaanguka. Huo ni uongo mtupu! Kifafa hakiambukizi, na povu ni mate tu.

Seli za ubongo huzungumza kwa umeme na kemikali. Kati ya kemikali hizo, mbili ni asidi amino zenye kazi kubwa sana. Glutameti huiambia seli jirani, "Amka!" Gaba huiambia, "Tulia!" La ajabu ni kwamba gaba hutengenezwa kutokana na glutameti yenyewe. Kimeng'enya kimoja huinyofoa kaboni dioksidi, basi, mchochezi amegeuka mpatanishi. Kwangu mimi hakuna jambo tamu kama hili katika somo la biolojia. Gaba ikimaliza kazi, kimeng'enya kingine huivunja.

Sasa, uchochezi ukishinda utulivu, seli nyingi huwaka kwa pamoja. Hapo ndipo mtu huanguka na kutetemeka.

Dawa moja ya kuzuia hayo ni valproeti. Ilitengenezwa mwaka wa 1882, lakini hakuna aliyejua kuwa ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi wa Ufaransa waliitumia kama kioevu cha kuyeyushia dawa walizokuwa wakiwajaribia wanyama. Wakashangaa kuona kila dawa inazuia kifafa. Kumbe ni kile kioevu!

Wanyama walipopimwa, gaba ilikuwa imeongezeka ubongoni, kwani valproeti huzuia isivunjwe upesi na pia husaidia itengenezwe. Isitoshe, hupunguza sodiamu inayoingia kwenye seli ikibeba umeme. Hata hivyo dawa hii ina hatari yake: inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hivyo msichana anayeitumia azungumze na daktari mapema, wala asiiache ghafla.

Nusu ya valproeti hutoka damuni kwa muda wa saa 9 hadi 16 hivi, ndiyo sababu humezwa kila siku, hata mgonjwa akiwa mzima kabisa. Namjua mwanafunzi mmoja ambaye humeza vidonge vyake nyuma ya choo ili asichekwe. Siku akikosa mahali pa kujificha, hamezi, na kesho yake ubongo wake huamka na ulinzi uliopungua.