Tupime Presha Kabla ya Kuanguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wananchi wenzangu juu ya ugonjwa wa presha, ambao ndio mlango mkubwa wa maradhi ya moyo na kiharusi, na ambao hapa kijijini kwetu mkoani Singida bado tunauona kuwa ugonjwa wa wakubwa wa mjini.

Mwezi wa tano mwaka 2019 baba yangu alianguka shambani tukivuna alizeti. Mdomo ulikwenda upande, na mkono wa kulia ukalegea. Majirani walisema amerogwa kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Mimi nilijua sivyo. Miezi minane kabla ya hapo alipimwa akakutwa na 180 kwa 110, wakati mtu anatakiwa awe chini ya 140 kwa 90, akapewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, kichwa kikaacha kumgonga, akaniambia, "Mwanangu, nimepona. Ya nini kula dawa na mimi siumwi?" Nami, mwalimu niliyepita chuo cha ualimu, nikamjibu, "Sawa, baba." Mkono ule mpaka leo haushiki jembe.

Ndugu wananchi, presha kwa kawaida haiumi. Mtu hulima, hucheka, hula akashiba, na huku mishipa inaharibika. Kwa hiyo dawa zake humezwa hata siku mtu anapojisikia mzima, na hakuna kuziacha mpaka daktari aseme.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano niliwapa hesabu: moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, utapiga mara ngapi kwa siku? Jibu ni mara 100,800, bila likizo. Basi chumvi ikizidi mwilini huvuta maji, damu huongezeka wingi, na moyo huo huo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Kipimo cha chumvi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa chakulani. Nyumbani tuko sita. Hata tukihesabu watoto kama watu wazima, pakiti ya nusu kilo ingepaswa kufika siku ya 16 na zaidi. Kwetu ilikuwa ikiisha siku ya tisa! Tena hapo sijahesabu magadi tunayotia kwenye mlenda, ambayo nayo ni ndugu wa chumvi. Sisemi tuache chumvi yenye madini joto, maana hiyo hutukinga na tezi la shingo. Nasema tupunguze mkono, na kile kikopo cha chumvi kiondoke mkekani wakati wa kula.

Sisi watu wa Singida tunajivunia alizeti, na ni haki yetu. Lakini nashangaa kuona mtu akimimina mafuta mpaka mboga inaogelea, eti kwa sababu hayana lehemu. Ni kweli hayana, lakini hunenepesha kama mafuta mengine, na unene ni mzigo kwa moyo. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda na kunde ni chakula kizuri sana, hauhitaji kuogeleshwa. Sigara sina haja ya kuieleza, kila mvutaji anajua.

Wenzangu husema mkulima hahitaji mazoezi. Ni kweli kuanzia Desemba mpaka mavuno. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Baada ya hapo akina mama huendelea kuchota maji na kubeba kuni, sisi wanaume tunakaa chini ya mti na bao mpaka Novemba, na kwenda dukani tunapanda bodaboda. Mimi mwenyewe nilikuwa napanda pikipiki kwenda shuleni, kilometa mbili tu. Sasa natembea kwenda na kurudi, siku tano za juma, na hivyo zile dakika 150 zinazoshauriwa kwa wiki nazipita bila kununua hata raba.

Tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, lakini iko Dar es Salaam, karibu kilometa 700 kutoka Singida, na wengi wetu tukifika huko tunakuwa tumechelewa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Maradhi ya siku zile yalikuwa malaria, minyoo na kuhara. Je, kwa nini leo vikundi vya namna hiyo visikae juu ya presha, na kipimo kikaletwa kwenye mkutano wa kijiji, mahali ambapo wanaume wapo?

Kikao cha wazazi shuleni kwetu ni mwezi ujao. Nimemwomba muuguzi wa zahanati aje na mashine yake. Baba naye amesema tumpeleke, akae kiti cha mbele, ili wanaosema hawaumwi wamwone.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida Vijijini.