Betri za kuchaji: Namba kubwa kwenye karatasi si nguvu

USIKU unapoingia Carama bila umeme, mtaa hauzimiki tena kama zamani. Kwenye vibanda vya vocha, kwa kinyozi, kwa mama anayeuza ndagala na hata kwa walinzi wa nyumba zinazojengwa, utaona mwanga mweupe wa tochi na taa za kuchaji. Nyingi ya taa hizo zinaishi kwa betri moja ya mviringo, nene kidogo kuliko kidole gumba, ambayo waliokulia Kigoma huiita betri na waliosoma Kifaransa huiita pile.

Betri hiyo ina jina la namba: 18650. Maana yake ni rahisi. Ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya betri nyingi za kompyuta za mkononi za zamani, ndani ya spika za muziki, na ndani ya sigara za umeme ambazo vijana wengine wamerudi nazo kutoka ughaibuni. Mimi natengeneza redio na tochi hapa mtaani, na katika vitu vyote vinavyoletwa mezani kwangu, hakuna kinachowapotezea watu fedha kama hiyo.

Mama mmoja anayefanya biashara ya mpakani aliniletea katoni nzima. Zilikuwa zimeandikwa miliampia-saa 9,900.

"Mama, hizi ulizinunua kwa kuangalia nini?" nilimuuliza.

"Namba, baba. Niliona hii ndiyo kubwa kuliko zote dukani."

Hapo ndipo biashara nyingi zinapozama. Hadi leo, betri bora za ukubwa huo zinazotoka kwenye viwanda vinavyojulikana vya Japani, Korea na China hubeba miliampia-saa 3,500 au zaidi kidogo tu. Ukiona 5,000, 6,800 au 9,900 kwenye umbo la 18650, usijadiliane bei. Rudisha mezani. Mara nyingi ile iliyoandikwa 2,600 kwa herufi ndogo ina nguvu kuliko ile iliyoandikwa 9,900 kwa herufi za dhahabu.

Njia ya haraka ya kupima ni mizani. Betri halisi ya aina hii ina uzito wa gramu 45 hivi, pengine karibu 50. Ukiiweka kwenye mizani ya muuza viungo ikasoma 30, ndani yake kuna kitu kidogo kimefichwa kwenye kopo kubwa. Wapo waliozipasua wakakuta kibetri chembamba na kilichobaki ni unga. Hata hivyo wajanja wanajua habari za mizani, na unga mzito upo, kwa hiyo uzito mzuri peke yake haumalizi ubishi. Kipimo cha kweli ni kuichaji ijae, kuiweka kwenye tochi na kuhesabu saa. Betri ya 3,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 11 hivi. Taa ya wati 3 inapaswa kuwaka juu yake kwa zaidi ya saa tatu. Ikizima baada ya dakika 40, umeshapata jibu.

Sasa tuje kwenye volti, maana huko ndiko kwenye hatari. Betri moja ya lithiamu huitwa ya volti 3.7, lakini ikijaa inafika 4.2, na haipaswi kushuka chini ya 2.5. Nje ya mipaka hiyo inaharibika. Ikipitishwa juu ya 4.2 inaweza kuvimba na kushika moto. Ikiachwa miezi mingi ikafika karibu na sifuri, ndani yake shaba huanza kuyeyuka, na ukiilazimisha kuchaji tena unaweza kuifanya ijigonge yenyewe kwa ndani. Mafundi wanaojisifu kwamba "wanaamsha" betri zilizokufa hunitia wasiwasi.

Vifaa vinavyotaka nguvu zaidi, kama tochi kubwa za walinzi, vipaza sauti vya mkononi na baadhi ya sigara za umeme, hutumia betri mbili zilizopangwa mkia kwa kichwa. Hapo volti zinakuwa 7.4, na zikijaa 8.4. Kijana mmoja aliyerejea kutoka Kampala aliniletea kifaa cha namna hiyo cha kuvutia mvuke, akitaka betri mbili "zozote zinazojaza". (Ajue mwenye kutaka kuvifanyia biashara vifaa hivyo kwamba sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imevipiga marufuku.) Nilimkatalia zozote. Betri mbili zinazofanya kazi pamoja lazima ziwe ndugu wa tumbo moja: kampuni moja, aina moja, umri mmoja, na zichajiwe pamoja. Ukichanganya mpya na iliyochoka, ile dhaifu inaisha mapema, na mwenzake anaendelea kuisukuma mpaka inageuka chini juu. Hapo inatoa gesi, na ndani ya bomba la chuma lililofungwa gesi hiyo haina pa kutokea.

Jambo la pili ni ampia. Waya wa kupasha mvuke wenye omu 1.5 ukiupa volti 3.7 unavuta ampia 2.5 hivi. Ukiupa 7.4 unavuta karibu 5, na joto linakuwa mara nne. Volti zimepanda mara mbili tu, lakini betri inabeba mzigo mwingine kabisa. Ndiyo maana kuna betri za kukaa muda mrefu na betri za kutoa nguvu nyingi kwa wakati mmoja, na ni nadra kupata zote mbili kwenye kopo moja. Ya 3,500 mara nyingi huishia ampia 8 au 10. Ya 2,500 inaweza kutoa 20. Kwa redio na taa ya chumbani, chukua ya kwanza. Kwa mashine ya kutobolea au hicho kifaa cha mvuke, ya pili.

Angalia pia karatasi ya plastiki iliyoivika betri. Watu huidhania pambo. Kopo lote la betri hiyo ni hasi, mpaka kwenye ukingo wa juu unaozunguka chanya. Plastiki ikichanika, funguo na sarafu mfukoni zinatosha kuziunganisha, na mfuko unawaka.

Wapo pia wanaodanganywa na umbo. Kuna betri ya lithiamu iitwayo 14500, ambayo kwa macho ni sawa na ile ndogo ya redio ya volti 1.5. Ukiweka nne kwenye redio ya volti 6 umeipelekea karibu 15. Kwa redio nunua zile za nikeli za kuchaji. Kila moja ina volti 1.2, nne zinakuwa 4.8, na redio nyingi hupokea bila kulalamika.

Kwa waliorejea kutoka Nyarugusu au Nduta wakiwa na paneli zao za sola, nina angalizo moja kubwa. Usiunganishe betri tatu za 18650 ukaziita "betri ya volti 12" na kuzichaji kwa kidhibiti cha betri ya gari. Tatu zikijaa ni volti 12.6, na kidhibiti hicho hupandisha hadi 14.4. Maana yake kila moja inalazimishwa kufika 4.8. Ukitaka lithiamu mahali pa betri ya asidi, tafuta ile ya chuma na fosfati, ambayo nne zake hufanya 12.8 na kuchajiwa karibu na 14.4, ikiwa na kadi yake ya ulinzi ndani.

Mfanyabiashara wa Bujumbura hahitaji kufundishwa moto ni nini. Soko kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013. Ila moto wa lithiamu una tabia yake. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai muda mfupi baada ya kuruka, ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu iliyoshika moto angani. Marubani wote wawili walifariki. Ndiyo sababu uwanja wa ndege watakuambia betri za akiba zisizozidi wati-saa 100 ziende nawe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, wala zisiwekwe kwenye begi linaloshushwa chini.

Kwenye basi hakuna anayekukagua, basi fanya mwenyewe. Zifungie kwenye kasha la plastiki kila moja peke yake, zikiwa na chaji nusu, mbali na bati linalochemka jua. Zilizokufa, ziba ncha kwa utepe na uziweke kwenye kopo la mchanga mkavu, zisitupwe kwenye shimo la taka ambalo jioni mtu atalitia kiberiti.