Fahamu: 'Watu Wote', filamu iliyozaliwa ndani ya basi la Mandera

Ni nini?
Ni filamu fupi ya mwaka 2017, yenye dakika 22 hivi, iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani. Wahusika huzungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kisa halisi
Tarehe 21 Desemba 2015, wanamgambo wa Al-Shabaab walivamia basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewavisha wenzao Wakristo hijabu zao, kitambaa tu, lakini siku hiyo kilikuwa uhai. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwaka mmoja kabla, abiria 28 wa basi jingine la Mandera walitengwa na kuuawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo.

Inagusaje chuki?
Jua, mhusika mkuu, ni Mkristo ambaye mume na mtoto wake waliuawa na magaidi. Anapanda basi akiwa na kinyongo na kila Mwislamu. Filamu haimhukumu, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Gesima inahusikaje?
Huku Gesima, Kaunti ya Nyamira, wengi wetu ni Wakristo, na Msomali tunamjua zaidi kwa habari za mashambulizi. Mwalimu akipangiwa kazi Mandera, nyumbani hulia kama msibani. Hofu hiyo ina sababu. Kumshuku jirani wa dukani kwa jina lake, hakuna sababu.