Fahamu: Mwanafunzi aliyebaguliwa Kampala apeleke wapi malalamiko?

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere au Kyambogo akinyimwa haki yake kwa sababu ya kabila, dini au ulemavu, Katiba ya Uganda ya 1995 iko upande wake: ibara ya 21 inakataza ubaguzi huo waziwazi. Kazi iko kwenye kuitekeleza.

Anzia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Neno la mdomo husahauliwa upesi. Ukipuuzwa, nenda Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Hii haikai kutoa pole tu. Inaweza kuita mashahidi, kusikiliza shauri na kutoa amri. Awali sheria hiyo iliizuia kuchunguza mambo ambayo jamii kubwa inayaona ni kinyume cha maadili. Ajabu, maana anayebaguliwa mara nyingi ndiye huyo asiyependwa na wengi. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho.

Mahakamani, hata hivyo, usitarajie mteremko. Wanafunzi Waadventista Wasabato waliishtaki Makerere kwa kupanga masomo na mitihani Jumamosi, siku yao ya ibada. Walishindwa Mahakama ya Katiba, na mwaka 2006 wakashindwa tena Mahakama ya Juu. Kwa maoni yangu, chuo kingeweza kuwapangia siku nyingine bila kupoteza chochote.

Kwa hiyo likikupata, andika siku hiyohiyo: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alishuhudia.