Una msaidizi hata mmoja? Usalama wa umeme ni jukumu lako kisheria

Wadau, wengi wetu tunauzia mtandaoni tukiwa chumbani au kwenye kafremu kadogo. Oda zikiongezeka unamchukua dogo akusaidie kupiga pasi, kuprinti tisheti na kufunga mizigo. Ukishamwajiri, hicho chumba ni mahali pa kazi, hata kama hakina bango nje.

Hapa Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wasimamizi wake ni OSHA. Inamtaka mwajiri aweke mazingira na vifaa katika hali salama, na amfundishe mfanyakazi kuvitumia. Kwa hiyo ile pasi yenye waya uliochunika ukazungushiwa selotepu ni mzigo wako. Dogo akipigwa shoti, usiseme "bahati mbaya". Naye ana wajibu wa kukwambia akiona hatari, so akisema usimfokee.

Fanya hivi:

1. Kagua kila wiki. Waya uliochunika, plagi iliyopasuka au inayochemka, harufu ya kuungua: zima, chomoa, andika MBOVU, weka pembeni.

2. Piga hesabu ya ekstensheni. Umeme wetu ni volti 230. Ekstensheni ya ampea 13 inabeba 230 × 13 = wati 2,990. Pasi ya wati 1,800 na mashine ya tisheti ya wati 1,500 zikiwaka pamoja ni 3,300. Hapo umeshazidisha! Tumia moja moja, au kila moja kwenye soketi yake ya ukutani.

3. Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya. Fyuzi ndo mlinzi wako, inakatika ili waya usishike moto.

4. Wayaringi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwambie akuonyeshe. Andika kwenye daftari tarehe na alichotengeneza. Siku mkaguzi akija una cha kumwonyesha.

5. Jisajili WCF. Ndo mfuko unaomlipa fidia mfanyakazi akiumia kazini. Bila huo, matibabu ya dogo yanaweza kumaliza mtaji wako wote.

Plagi mpya haikushindi, boss. Kabla hujapost bidhaa leo, geuza ekstensheni yako usome ampea zake. Umekuta ngapi? Tuambie kwenye komenti.